Barua za Mjane Ambaye Hakuzaliwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Nyumba hii ya Nyaraka. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Ndugu wahifadhi nyaraka, mnaoshika karatasi kuukuu kwa vidole vya upole kuliko tunavyoshikana sisi kwa sisi. Ndugu waigizaji wenzangu wa zamani, ambao naona mmejipanga viti vya mbele bila kuonyeshwa na mtu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe, Dada, uliyekaa kiti cha pembeni karibu na mlango, umepakata mkoba wako kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Kabla sijafika mbali naomba mnivumilie kwa sauti yangu. Fundi mitambo amekwisha kunisogezea kipaza sauti, akanisogezea tena, na nimemwona akitikisa kichwa. Si kosa lake, wala si kosa la chombo. Mimi nimefanya kazi ya kunong'ona tangu usichana wangu mpaka siku jumba letu la maigizo lilipofunga milango, na mtu akishazoea kunong'ona, hata akipiga kelele za mwizi majirani watadhani anasali.

Kwa wale ambao hamkuwahi kufika kwenye jumba lile, nieleze. Mbele ya jukwaa, katikati kabisa, palikuwa na shimo lililofunikwa kwa kibanda kidogo cha mbao ili ninyi watazamaji msilione. Mle ndani kulikuwa na kigoda, taa ndogo, kitabu cha mchezo, na mimi. Mwigizaji akisahau maneno, mimi ndiye niliyemrushia neno, taratibu, lifike kwake na lisiwafikie ninyi mliolipa kiingilio. Ninyi mliona nyuso zao. Mimi nilijua pindo za nguo zao na soli za viatu vyao. Nilimjua mwenye wasiwasi kwa kidole gumba kinavyochezacheza ndani ya kiatu. Vumbi la jukwaani lilikuwa likielea mbele ya taa, polepole, halina haraka ya kutua, na alasiri nyingine nilikuwa siwezi kuapa kama niko macho au nimelala. Mpaka leo huota niko mle shimoni. Jukwaa tupu, taa zimewashwa, na karatasi zinashuka kutoka juu moja moja, na mimi nimenyoosha mkono kuzipokea.

Nitawaambia zile karatasi ni nini.

Dada yangu huyu ndiye ambaye mji mzima ulimwita Mjane. Jina alilopewa na wazazi wetu walilisahau hata wenye maduka. Akiingia dukani wanamwambia, pole Mama Mjane, na mume wake yuko nyumbani anakunywa chai. Aliigiza mchezo ule misimu mingi hata mavazi yakabadilishwa, viti vikabadilishwa, na mtoto aliyeletwa na mama yake akalia, akarudi mtu mzima na mtoto wake naye akalia. Mnaukumbuka. Mjane yuko peke yake kwenye nyumba kubwa, anangoja habari za mwanawe aliye mbali. Katika sehemu ya pili mtumishi analeta barua. Mjane anaishika, haifungui, anawaambia watumishi: "Fungueni dirisha, nisome kwenye mwanga." Anasoma kimya. Analia. Ukumbi mzima unalia. Katika sehemu ya tatu anaketi mezani, anaandika majibu mbele yenu, hakuna anayekohoa, kalamu tu inasikika. Kisha upepo wa dirishani unaipeperusha barua, inaanguka ukingoni mwa jukwaa, pazia linashuka.

Sasa, barua ile ya sehemu ya pili ilitoka wapi? Tulikuwa na mtunza vifaa, marehemu, tukimwita Mzee Vikorokoro. Mzee huyu alikuwa na mambo mawili asiyokubali kuyajadili. La kwanza, barua ya jukwaani lazima iwe na maandishi kweli, kwa sababu waliokaa ghorofani wanaona mwanga ukipenya kwenye karatasi, na karatasi tupu inawatukana. La pili, kitu kikishapanda jukwaani hakitupwi, hata kama ni kisamaki cha mbao kisicho na mkia. Kwa kuwa Dada alikuwa akiifinyanga barua ile kifuani kila onyesho, ilitakiwa mpya kila mara, na kwa kuwa mimi nina mwandiko mkubwa, kazi ikaniangukia. Nikawa naandika maneno ya yule mwana: mama mpenzi, mimi ni mzima, huku baridi ni kali. Naandika, nakunja, nampa Mzee, nashuka shimoni kwangu.

Ndipo Baba akafariki. Mama akabaki mmoja na mabinti tulikuwa wawili, na kila mmoja alimtaka kwake. Dada alikuwa na nyumba nzuri ya ghorofa, yenye bafu la vigae. Mimi nilikuwa na vyumba viwili vya chini, na magoti ya Mama yalikuwa hayataki kusikia habari za ngazi. Mama akaja kwangu. Dada akaona nimemwibia mama. Tukasimama jikoni kwangu tukaambiana ya kuambiana, sahani ikavunjika, sitasema na nani, na mwisho Dada akaniambia neno ambalo mpaka leo naweza kulirudia lote. Alisema: "Wewe unajua nini? Maisha yako yote unanong'ona maneno ya wenzio. Hujawahi kusema neno lako mwenyewe."

Lilikuwa limeniuma kwa sababu sikuona uongo wake uko wapi.

Tukanuniana. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na waigizaji wenzetu hawa, kwa busara yao, wakachukua majembe wakaenda kulima. Tulikuwa tukipishana kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, na kila mmoja akimsalimia Mzee Vikorokoro kwa sauti kubwa, ili mwenzake ajue vizuri kwamba yeye hakusalimiwa. Nyumbani kwangu hafiki. Mama anauliza, dada yako yuko wapi? Namwambia, ana kazi, Mama. Anageukia ukuta.

Lakini kazi ni kazi. Barua ilitakiwa kuandikwa. Alasiri moja nimekaa na karatasi, nimeshaandika "mama mpenzi", mkono ukakataa kuendelea. Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika: "Mama ameamka salama. Amekula nusu sahani. Anauliza kama bado unakohoa." Nikaikunja, nikampa Mzee, nikashuka shimoni roho ikiwa juu. Mtumishi akaleta barua. Dirisha likafunguliwa. Nikaona viatu vya Dada vimesimama kimya, kidole gumba hakichezi. Kisha akalia, palepale panapotakiwa, kwa urefu uleule. Nikasema moyoni, hakusoma.

Sehemu ya tatu akaketi mezani. Siku nyingine alikuwa akichora vimistari tu, kalamu isikike. Siku hiyo kalamu ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Upepo ukavuma, barua ikaanguka, na badala ya kuangukia upande wa kulia kama kawaida ikatua mbele ya kibanda changu, karibu kabisa. Ninyi mlikuwa mnapiga makofi. Mimi nilitoa mkono nikaivuta ndani, nikaisoma kwa taa yangu ndogo: "Kikohozi kimekwisha. Asilale na soksi zinazobana."

Mabibi na mabwana, hivyo ndivyo dada na mdogo wake walivyoandikiana, mbele ya ukumbi uliojaa, na hakuna aliyeona. Je, mnajua mlikuwa mnalilia nini? Nitawasomea kidogo katika zile nilizoandika mimi, kwa maana hizo nina ruhusa nazo. "Ile sufuria yenye mpini uliolegea ni ya Mama, usiidai tena, na mpini nimekwisha kuukaza." Watu wazima na heshima zao walikuwa wakifuta machozi juu ya sufuria! Nyingine: "Jana hukusahau, ulikuwa unanyamaza tu. Ukinyamaza gusa kitu kingine, usiguse hereni." Maana hereni ya sikio la kushoto ilikuwa ishara yetu. Akiigusa, ina maana maneno yameruka, nimrushie. Magazeti yaliisifu sana hereni ile. Yalisema Mjane anaipapasa kwa kumkumbuka marehemu mumewe. Marehemu gani? Mstari ulikuwa umempotea. Na nyingine hii: "Mama ameona picha yako gazetini. Anauliza nani anakusuka siku hizi, na kwa nini anakuchukia."

Tuliendelea hivyo muda mrefu. Nje ya jukwaa kimya, jukwaani soga. Mzee Vikorokoro alijua, ndiyo sababu kila baada ya onyesho alizichukua barua zote mbili, yangu kwa Dada na yake kwangu, akazinyoosha kwa kiganja, akazitia kwenye sanduku la bati.

Kisha ikaja siku ambayo wino uliniishia. Pazia linapanda, chupa imekauka, Mzee anakodoa macho. Hakuna jinsi, akachukua karatasi tupu akaikunja hivyohivyo, akiomba radhi kwa waliokaa ghorofani. Mimi chini shimoni nimejishika kichwa. Dada akaifungua. Haina kitu. Ndugu zangu, sijapata kumwona mtu akilia vile. Alilia mpaka mtumishi wa mchezoni akasahau maneno yake, nami nikasahau kumrushia.

Na ikaja alasiri nyingine, Mama amezidiwa. Siku hiyo niliandika maneno matatu tu: "Njoo. Usibadilishe nguo."

Akasoma. Nikamtazama kutoka chini, naona kidevu na mikono. Hakulia. Jicho kavu. Akaikunja barua, akaitia kifuani, akasema maneno yake yote mpaka la mwisho, hereni haikuguswa hata mara moja. Watazamaji walitazamana. Gazeti liliandika kwamba Mjane amechoka, afikirie kupumzika.

Alikuja. Alikuja kwa miguu, na gauni lile refu jeusi la jukwaani, pindo ameliinua kwa mikono miwili, poda usoni, na njia nzima watu walikuwa wakimpisha na kuvua kofia. Chumba cha Mama kilikuwa kinatazama jua linakozama, na mwanga wa saa zile ulikuwa umejaa mle ndani mpaka kwenye shuka. Mama akafumbua macho, akamtazama kuanzia pindo mpaka kichwani. Akasema, "Huyu naye amefiwa na nani?"

Dada akasema, "Sijafiwa, Mama. Nimetoka kazini."

Mama akacheka. Kicheko kilikuwa kidogo, hakina nguvu, lakini kilikuwa kicheko. Dada akaketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, Mama katikati, kama zamani tulipokuwa tukiogopa radi. Poda ya Dada ilidondoka kwenye mto, na hakuna aliyeipangusa. Mama alituacha kabla wiki ile haijaisha. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kurudi kuwa dada na mdogo wake, na hatujanuniana tena, isipokuwa kidogo, na wiki iliyopita, ambayo nitaieleza.

Mheshimiwa Mkurugenzi, sasa nafika kwenu, na naomba msinifukuze. Jumba la maigizo lilipofungwa, vikorokoro vyote vililetwa kwenye Nyumba hii. Wahifadhi wakalifungua sanduku la bati, wakakuta barua zilizofinyangwa, mwandiko wa kike, nyingi zimeanza kwa "Kwa Mjane" au zimetiwa saini "Mjane". Wao ni watu makini. Wakazipa jalada lake, wakaliweka kwenye rafu ya barua za wanawake mashuhuri, katikati ya yule mkunga aliyewasumbua wakubwa mpaka wodi ya uzazi ikapata maji, na yule mwanamke wa kwanza kupima ardhi. Mtafiti mmoja, sitamtaja maana nimeambiwa yumo humu ndani, alikwisha kuandika kurasa kadhaa juu ya hali ngumu ya wajane, na sufuria yetu ndiyo ushahidi wake mkuu.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya Nyumba hii. Nimekuja kutembea tu, kupunga upepo, nikainama kwenye kabati la kioo nikasoma ile barua ya sufuria. Nikacheka peke yangu. Mhifadhi nyaraka, binti yule pale mwenye miwani kichwani, akanijia. "Bibi, unamfahamu Mjane?"

"Namfahamu sana, mwanangu. Tumeandikiana."

Akachomoa kalamu haraka. "Alizaliwa mwaka gani? Tumetafuta kila mahali."

"Hakuzaliwa."

Yule binti alitafuta kiti akakaa. Lakini nampenda kwa jambo moja: alipokwisha kuelewa alicheka mpaka akalia, kisha akanipeleka chumba cha ndani anionyeshe wanavyozitibu. Kuna sanduku la kioo lenye hewa ya unyevunyevu. Karatasi iliyofinyangwa inalazwa mle, na polepole, hakuna mkono unaoigusa, inaanza kujikunjua yenyewe. Nilisimama nikaitazama moja. Kona ikainuka, mkunjo ukalegea, neno likatokea, kisha jingine. Na harufu ya poda ikapanda, ileile. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilikuwa shimoni kwangu, vumbi linaelea, Mama yu hai, Dada hajaniambia lolote baya, na wala sikutaka kuamshwa.

Bodi, kwa hekima yake, iliamua jalada lisiondolewe kwenye rafu ile, ila lipewe majina yetu halisi. Leo ndilo linalofunguliwa. Utepe ule pale ni wake. Lakini sheria ya Nyumba hii ni kwamba karatasi ni ya Nyumba, maneno ni ya aliyeyaandika, na waandishi ni wawili. Mimi nimetia saini. Fomu ya pili imo kwenye mkoba ule ulio mapajani mwa dada yangu, na kalamu iko na kifuniko chake. Asipotia saini leo, sanduku litashushwa ghala la chini likae limefungwa mpaka sote wawili tutakapoondoka duniani. Nasi, tunamshukuru Mungu, hatuna haraka hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilipanda zile ngazi kwa magoti haya niliyorithi kwa Mama. Akanimiminia chai, akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza: "Mdogo wangu, unataka watu wasome wajue kwamba machozi yale yalikuwa ya nyumbani? Walikuja kuona kazi. Sasa wataambiwa walimwona mtu analia shida zake, na kulia shida zako kila mtu anaweza. Niliyokuwa nayo ni kazi ile tu. Usininyang'anye." Nikanywa chai, nikashuka ngazi.

Dada, jibu nimelipata njiani, na nalileta hapa mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndipo tulipozoea kuongea mimi na wewe.

Katika sanduku lile kuna karatasi tupu. Wahifadhi hawa waliiandikia kibandiko, "Barua. Maandishi yamefifia", na wakaiweka chini ya taa maalumu kuyatafuta maandishi. Haikufifia, ndugu zangu. Ndiyo ile ya siku wino uliponiishia, na siku ile, juu ya karatasi isiyo na nukta, dada yangu alilia kuliko siku zote. Na katika sanduku lilelile kuna karatasi yenye maneno matatu, ya siku ambayo binti yeyote mwenye moyo angelia, na yeye akakimeza kilio, akaimaliza kazi jicho kavu, ndipo akakimbia kwa mama yake. Nani alikuwa karibu kuliko mimi? Nani aliiona miguu yake? Nasema kwa neno langu mwenyewe, sijanong'onezwa na mtu: yale machozi yalikuwa kazi. Alikuwa fundi. Na sina shahidi mwingine wa ufundi huo isipokuwa sanduku lile. Tukilifunga, Dada, tutaficha kilio kisichoonekana na mtu, tutakuachia kile cha gazetini, kwamba mama yule alikuwa na majonzi mengi, maskini. Hukuwa na majonzi mengi. Ulikuwa na sufuria, na kikohozi, na mama mgonjwa, na kipaji kikubwa kuliko vyote hivyo. Ninakupenda, na nataka watu wakujue ulivyokuwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimebakiza maneno machache ya kufunga. Nilikuwa nimeyaandaa. Yanaanza na "Fungueni"…

Fungueni…

Samahanini. Yameruka.

Mnaona nimevaa hereni leo. Mimi si mtu wa hereni. Naigusa hii ya kushoto, nanyamaza, na kama kuna mtu humu ndani anayejua mstari unaofuata, namngoja anirushie. Kama hayupo, nitashuka nikakae, na sanduku lishushwe ghalani, na hapatakuwa na ugomvi.

…

Mmesikia?

Mlio nyuma, mmesikia? Hakunong'ona. Huyu hajui kunong'ona. Nirudie kwa ajili ya mwenye kipaza sauti. Dada yangu amesimama, mkoba umefunguliwa, na amesema: "Fungueni sanduku, wasome kwenye mwanga."

Dada, umekosea. Mstari ni "dirisha", na ni "nisome". Misimu yote ile hukuwahi kubadilisha neno hata moja, nami nilikuwa pale kuhakikisha. Leo umebadilisha mawili, nimeyasikia yote, na sikurekebishi.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio, mimi niliyelipwa mshahara ili nisisikike. Binti, mpe dada yangu mkono apande hapa. Na mpeni wino. Kalamu yake naijua, itakuwa imekauka.